Kadi rida na kompyuta ya nyumbani: tupeane uzoefu

Salaam wenyeji. Natoa kisa changu, nanyi leteni vyenu.

Juzi nilipiga picha harusi ya binamu yangu pale Majengo, picha mia saba na ushei kwenye kadi ya GB 64. Kamera ya kuazima, mwenyewe aitaka usiku huohuo. Nikachomeka kadi kwenye rida, kile kifaa cha kusomea kadi, rida kwenye kompyuta ya baba, lile dubwana la Windows XP. Ikaniuliza kama niifomati kadi, yaani niifute na kuiandaa upya. Kidole ki juu ya kipanya, mamangu akapaza sauti toka jikoni: "Wewe, usibonyeze usichokijua!" Naye kompyuta hajui hata kuiwasha.

Nikairudisha kadi kwenye kamera, bibi harusi huyo anacheka. Kumbe kadi za kuzidi GB 32 huja na exFAT, mfumo wa kupangia mafaili, na XP haiusomi mpaka uiwekee sasisho lake. Laptopu ya jirani, ya Windows 10, ilizihamisha zote bila neno.

Haya, nyinyi rida zimewatenda nini?

Wa Tudor:
Mimi kinyume chako, kompyuta mpya, rida kuukuu. Ile ya matundu mengi, ukiichomeka tu waletewa diski nne, E, F, G, H, zote tupu. Kadi ya GB 2 ilisoma vizuri. Ya GB 8, kama sijaweka kitu. Nikanunua kadi nyingine, nayo kimya. Kumbe SDHC, yaani kadi za kuzidi GB 2, zilikuja 2006, na rida iliyotengenezwa kabla yake haizijui. Kadi mbili nimezitukana bure.

Abiria wa Likoni:
Yangu fupi. Saa nzima kompyuta yaniambia kadi imelindwa, haiandikiki. Kale kaswichi ka ubavuni mwa adapta, kile kikasha cha kuvalia kadi ndogo, kalikuwa kameshuka. Basi.

Fundi wa Kongowea:
Kadi nyingi ninazoletewa kuwa zimekufa, ziko hai. Hewa yetu hii ya chumvi na unyevu, kadi ikikaa droo moja na sarafu, vile vibati vya mgongoni hufifia rangi. Sugua kwa raba safi ya penseli, taratibu, kisha pangusa kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke kabisa. Na rida ikiwa inakatikakatika, achana na tundu la USB la mbele ya kompyuta, jaribu la nyuma. La mbele hupitia waya mwembamba ndani, na ukiongeza waya wako mrefu ndiyo basi tena.

Dada wa Bamburi:
Mimi sikuwa na mama jikoni. Nilibonyeza.

Picha za Idi. Bahati yangu sikuandika kitu tena kwenye kadi. Fomati ya haraka hufuta orodha tu, picha zenyewe hubaki hadi zifunikwe na kitu kipya. Mpwa wangu aliniwekea PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa, haina malipo, akaielekeza ihifadhi kwenye diski ya kompyuta, si kwenye kadi ileile. Tuliiacha baada ya isha. Alfajiri nikakuta folda recup_dir.1, ndani majina yote ni f na tarakimu, Idi tatu zimechanganyika.

Mwanzisha mada:
Na video, dada?

Dada wa Bamburi:
Picha zilirudi. Ya babu akisoma kaswida haikufunguka.