Kipimo cha mwendo kwa wenye multiple sclerosis (MS, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo), kinaaminika?

Jamani nina MS, juzi kwa fizio nimetembea zile futi 25 za kupima mwendo kwa sekunde 6.1, miezi mitatu nyuma ilikuwa 5.6, sasa ndo nimeshuka au siku tu ilikuwa mbaya?

— Hiyo ni kama asilimia 9, usipaniki. Wengi huanza kushtuka ikifika 20 hivi, chini ya hapo inaweza kuwa joto, uchovu, hata viatu. Walikupima mara mbili wakachukua wastani?

— Mara moja tu, tena nimetoka kupanda ngazi, lifti mbovu 😅

— Aah hiyo hata usiihesabu! Mi napimwa saa ileile, fimbo ileile. Ila futi 25 ni mita 7.6 tu, mguu wangu unaanza kuburuza dakika ya nne huko, so kile kipimo cha kutembea dakika 6 ndo kinaonyesha shida yangu.