Naombeni ushauri: ushirika wa wachungaji unataka kutulea ila unataka na kiwanja

Cherehani_ya_Mama:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni mke wa mchungaji, tupo Makambako, kanisa letu ni la kujitegemea halipo chini ya dhehebu lolote. Mume wangu alitoka dhehebu kubwa kwa amani kabisa, hakufukuzwa wala hakugombana na mtu, tukaanza 2014 sebuleni kwetu tukiwa watu kumi na moja ukihesabu na watoto wetu. Leo watu wazima wanafika kama sabini, wengi ni wa viazi na mbao, sadaka ikiwa nzuri elfu arobaini, mvua ikinyesha Jumapili elfu tisa. Silalamiki, mimi nashona, tunakula.

Shida ni kwamba mume wangu amechoka na hana mtu. Mwezi wa tatu alizika watu watatu wiki moja, wa mwisho mtoto wa mzee wetu wa kanisa, akarudi akakaa juu ya ndoo jikoni na mabuti yana udongo wa makaburini, kande zikapoa mbele yake, akaniuliza hivi mimi nikizidiwa namwendea nani. Sikuwa na jibu. Waumini hawezi kuwaambia, mimi ananiambia nusu ananificha nusu.

Sasa wamekuja watu wa ushirika mmoja wa wachungaji wa makanisa huru, jina silitaji. Wanasema wao siyo dhehebu, kila kanisa linabaki na jina lake na utaratibu wake, kazi yao ni kulea wachungaji. Kuna semina mara mbili kwa mwaka, kuna mchungaji mlezi anakuja kila mwezi wanakaa wanaongea wanaomba, kuna mfuko wa misiba na matibabu, na wana usajili ambao sisi hatuna, hata ndoa za vijana wetu tunaazima mchungaji wa kanisa lingine aje afungishe. Siku yule mlezi alipokuja mara ya kwanza mume wangu alicheka mpaka nikatoka jikoni kuchungulia, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mwaka jana.

Ila wameleta fomu. Nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, ukurasa wa nne kuna kipengele kwamba ardhi na majengo yote ya kanisa mwanachama yataandikishwa kwa jina la bodi ya wadhamini ya ushirika, halafu asilimia kumi ya sadaka kila mwezi. Mume wangu anasema tusaini tu, ni watumishi wenzetu. Mimi moyo umegoma. Kiwanja tulinunua 2017 kwa kudunduliza, kuna akina mama waliuza hadi vitenge vyao. Naombeni ushauri hasa waliowahi kuwa kwenye ushirika wa hivi, maana wiki ijayo wanamsubiri na kalamu.

Benchi_la_Nyuma:
Makanisa yamekuwa kama vibanda vya chipsi, kila kona. Si mrudi tu mlikotoka, mchungaji wa wachungaji yupo kule na analipwa mshahara.

Kidukulilo77:
@Benchi_la_Nyuma mtu kaomba ushauri wewe unaleta chipsi. Kamwene mama, usimjali.

Mjoli_wa_Uyole:
Mama mchungaji pole na hongera, maana wake wengi wa wachungaji hata fomu hawaoneshwi. Mimi nina kanisa dogo huku Uyole Mbeya na nipo kwenye ushirika wa wachungaji mwaka wa nane huu, ngoja nikwambie wetu ulivyo ndiyo upime na huo wenu.

Tuko wachungaji tisa, tunakutana kila Jumatatu asubuhi kwa zamu, leo kwangu wiki ijayo kwa mwenzangu, Jumatatu kwa sababu Jumapili ikiisha mchungaji anakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Kila mtu anakuja na elfu tano, mwenyeji anatoa chai na viazi. Hatuna askofu, mwenyekiti tunabadilisha kila mwaka na hana ofisi, muhuri tu na daftari. Saa ya kwanza hakuna mahubiri, ni kuulizana, umelala vizuri? na mkeo mnaongea? sadaka nani anahesabu? kuna siku niliulizwa hilo la sadaka nikakasirika wiki mbili sikwenda, wakaja wenyewe nyumbani watatu kwenye pikipiki moja. Mke wangu alipofanyiwa upasuaji wenzangu walihubiri kwangu Jumapili tano mfululizo kwa kupokezana, na sadaka waliiacha pale pale mezani hakuna aliyeigusa.

Kiwanja changu hawajawahi hata kuuliza kina ukubwa gani. Anayelea hahitaji hati. Akihitaji hati basi hilo ni dhehebu, na dhehebu siyo dhambi ila aseme ni dhehebu, asijiite ushirika. Na asilimia kumi waulize inakwenda wapi, mkaoneshwe mapato na matumizi ya mwaka jana kabla ya kalamu.

Karani_Mstaafu:
Nimefanya kazi masijala miaka mingi, niseme upande wa makaratasi kwa kifupi.

Kanisa kwa Tanzania bara linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya Sura 337. Wanataka katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, majina na taarifa za viongozi, na sheria inahesabu jumuiya kuanzia watu kumi kwa hiyo nyie idadi mnayo. Ukishapata cheti unakwenda RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kuunganisha (yaani kusajili) bodi yenu ya wadhamini, Sheria ya Wadhamini Sura 318. Faida ya bodi ni kwamba inamiliki ardhi kwa jina lake, wadhamini wakifa au wakihama kiwanja hakiendi nao. Leseni ya kufungisha ndoa nayo inapitia huko RITA, Sheria ya Ndoa ya 1971, ukiwa na usajili unaacha kuazima mchungaji.

Sasa mkiingia kama tawi kwenye cheti cha mtu mwingine, kumbuka cheti ni cha aliyeandikwa juu yake. Mkigombana baadaye nyie mnatoka na Biblia zenu na ngoma.

Swali langu: kiwanja hivi sasa kipo kwa jina la nani?

Cherehani_ya_Mama:
@Karani_Mstaafu asante sana. Kipo kwa jina la mume wangu. Ni karatasi ya mauziano tu ina muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, naitunza kwenye sanduku la nyuzi.

Karani_Mstaafu:
Nilijua.

Nuru_Ifakara:
Samahani dada, hapo ndipo pananiuma mimi. Nilisali kanisa huru kama lenu hapa kwetu, mchungaji mtu mwema sana Mungu amrehemu, akafariki ghafla. Kiwanja kilikuwa kwa jina lake. Arobaini haijaisha ndugu zake wakaja na fundi wanapima, tukaambiwa tutoe mabenchi, tukayabeba kichwani mchana watu wanatuangalia, mimi nilibeba ubao wa mimbari. Mke wake alilia kuliko sisi lakini hakuwa na la kufanya, karatasi ilisema jina la marehemu. Nimesoma ulivyoandika kwamba ushirika unataka kuchukua kiwanja chenu, nikajiuliza hao akina mama waliouza vitenge wana karatasi gani mkononi dhidi yako wewe na shemeji zako? sisemi kwa ubaya.

Cherehani_ya_Mama:
Dah. Nimesoma mara tatu. Sijakasirika, ila nimeacha kushona.

Mvuvi_Malindi:
Poleni mama. Mimi ni wa Malindi, Kenya, mnajua yaliyotupata huku, tangu Shakahola mwezi wa nne 2023, waumini wa mhubiri mmoja walipokutwa wamekufa, wengi kwa kufunga kula, maiti zaidi ya mia nne zilifukuliwa msituni, kanisa la mtu mmoja asiye na wa kumuuliza linaangaliwa kwa jicho jingine kabisa. Wachungaji wazuri nao wanatazamwa hivyo hivyo. Kwa hiyo mumeo asikae pekee yake hata huo ushirika mkiukataa, tafuteni mwingine. Lakini kuulizwa ni jambo moja na kunyang'anywa ni jambo lingine.

Benchi_la_Nyuma:
@Mvuvi_Malindi hapo umesema. Rwanda 2018 walitunga sheria kiongozi wa kanisa awe na digrii ya theolojia, wakapewa miaka mitano ya kujipanga, na makanisa kibao yalifungwa. Yakija huku wa sebuleni mtakimbilia wapi? Nafuta ile ya chipsi kidogo.

Kidukulilo77:
Kidogo tu?

Mjoli_wa_Uyole:
Mama, ushauri wa mwisho toka kwangu, msimwambie "tumekataa". Mwambieni mwenyekiti wao kwamba tunapenda malezi, tunaomba kipengele cha ukurasa wa nne kiondolewe, mchango tutatoa kiasi tunachoweza na tutaandika. Jibu lake litakwambia kama alifuata mchungaji au alifuata kiwanja.

Cherehani_ya_Mama:
MREJESHO. Samahani nimechelewa, ilikuwa msimu wa sare za shule.

Nilimsomea mume wangu uzi wote, alinuna siku mbili, hasa pale pa Nuru. Siku ya tatu akaniambia lete lile sanduku. Jumapili baada ya ibada akawaambia waumini wasitoke, akasimama na ile karatasi ya mauziano akaisoma yote mpaka jina lake, kukawa kimya, kumbe wengi walidhani kiwanja ni cha kanisa siku zote. Wakachagua watu watano wa kuwa wadhamini, mmoja ni mama wa viazi ambaye aliuza vitenge viwili 2017, yeye hajui kusoma vizuri ila ndiye aliyeuliza maswali mengi. Shemeji yangu mmoja kapiga simu ana maneno, hilo tutalimaliza wenyewe.

Ushirika wamesema kipengele hakiondoki, ndiyo utaratibu wao na makanisa mengine wamekubali. Kwa hiyo hatukusaini. Mume wangu aliumia, si kwa ajili ya cheti, ni kwa ajili ya yule mlezi. Basi wiki iliyofuata nipo dukani naona mtu anashuka kwenye Coaster amekunja suruali kwa ajili ya tope, ni yeye. Anasema amekuja kama yeye, nauli yake mwenyewe, na ofisini hajaaga. Walikaa nyuma ya nyumba toka saa nne mpaka saa tisa, nikawapelekea kande, safari hii sahani zilirudi tupu.

@Mjoli_wa_Uyole anauliza kama Jumatatu moja wanaweza kuja Uyole wawili, kuangalia tu mnavyofanya.

Mjoli_wa_Uyole:
Waje. Jumatatu ya pili ya mwezi ujao ni zamu yangu. Elfu tano wasisahau.

Karani_Mstaafu:
Hongereni. Kile kikao cha Jumapili mliandika muhtasari? Na mahudhurio watu walisaini?

Cherehani_ya_Mama:
Tuliandika. Kusaini hatukusaini.

Karani_Mstaafu:
Jumapili hii msiwaruhusu watoke tena.