Wakongwe wa RuneScape wa Tabora na Kigoma, yule igombe wa Varrock alikuwa nani?

Mtoto_wa_Cheyo:

Wakuu habari za jioni. Naomba kuuliza jambo ambalo limenikaa kichwani miaka mingi, mke wangu ameshachoka kulisikia kwa hiyo nalileta kwenu.

Humu kuna wangapi waliocheza RuneScape, lile gemu la mtandaoni la kucheza na watu wa dunia nzima, enzi za kafe? Nazungumzia 2006, 2007 hivi, Tabora mjini, kafe moja karibu na soko, kompyuta sita zenye vichogo, nusu saa mia tano. Mimi na mwenzangu tulikuwa kidato cha pili, tunaweka nauli mfukoni tunatembea kwa mguu kutoka Cheyo ili tupate hiyo nusu saa. Kile kigemu kilikuwa hakihitaji kusanikishwa, unafungua tovuti tu, Java inajipakia taratibu huku dakika zako zinaliwa, ukija kushtuka zimebaki ishirini.

Sasa siku moja tuko Varrock, mji wa mle ndani ya gemu, benki ya magharibi, tunauza ngozi za ng'ombe. Tulikuwa tunaua ng'ombe wa Lumbridge hadi wanatuonea huruma. Mwenzangu amekaa kompyuta ya pili lakini tulikuwa tunaandikiana humo humo kwenye gemu, ushamba tu, nikamwandikia "oya subiri kwanza nauza ngozi". Pale pale jamaa mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, kavaa deraya nyeusi na joho jekundu, anaandika "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi kabisa.

Tulitazamana. Nikainuka nikazunguka kafe nzima nachungulia vioo vya watu. Kulikuwa na mzee anasoma imeili, dada mmoja anatazama nafasi za kazi na kijana wa matokeo ya mpira, kompyuta moja mbovu. Hakuna mwingine. Nikarudi nikaandika "uko wapi?", akajibu neno moja, "nyumbani".

Jina lake humo lilikuwa igombe na tarakimu mbili mbele yake. Mtu wa nje ya Tabora Igombe ataijulia wapi, si ndo bwawa letu la maji lile.

Toka siku hiyo tukawa tunamkuta kila tukienda, kuanzia saa mbili usiku, pale pale benki. Alitupa kamba wa kupikwa mia moja bure (sisi tulikuwa tunawaita "wadudu wekundu", kamba wa baharini mtoto wa Tabora kamuona wapi). Alitufundisha kwamba ukifa unabaki na vitu vitatu tu vya thamani kwa hiyo usipeleke mali zote Wilderness, lile pori la kuuana wachezaji, kama mtu anayehama. Krismasi ya 2007 akatuita, akatupa kila mmoja jambia la runi, lile lililopinda, akaandika "tumieni vizuri". Tarehe 2 Januari 2008 Jagex, wenye gemu, wakaweka kikomo cha kubadilishana, ukawa huwezi kumpa mtu kitu kama yeye hakupi chenye thamani inayokaribiana. Igombe hatukumuona tena.

Kama yupo humu ajitokeze jamani, na kama kuna anayemfahamu aseme.

Dagaa_wa_Kibirizi:

Mkuu umenitoa machozi, nilijua niko peke yangu.

Mimi ni wa Kigoma, nilikuwa nacheza kafe ya Mwanga, dishi juu ya bati. Igombe namfahamu! Nilimkutia Karamja, kisiwa cha humo kwenye gemu, kwenye gati ya kuvulia, ile unayolipa gp 30 (hela ya humo) ya meli kutoka Port Sarim. Mimi mtoto wa ziwa nikasema hapa ndo kwetu, uvuvi wangu ulipanda kuliko vyote, nilikuwa levo 61 ya uvuvi huku kupigana niko 20. Sasa nikawa naongea peke yangu kwa Kiswahili maana wazungu hawajibu, nikaandika "migebuka iko wapi humu", mtu akajibu "mwakeye". Kiha kabisa! Nilidhani ni Muha mwenzangu. Nikamuuliza we wa Ujiji? Akasema "nimepita".

Kwa hiyo na mimi nilikuwa na fumbo langu, kumbe ni lile lile. Ila sasa umenichanganya zaidi, huyu mtu wa Tabora au wa Kigoma?

Halafu tukiwa kwenye mafumbo, nani alikuwepo siku ile ya mauaji ya Falador, mji mwingine wa kwenye gemu? Juni 2006, dunia ya 111, yaani seva namba 111. Mimi sikuwepo, mwaka ule mgao wa umeme ulituua sisi wenyewe.

Bwana_Kuni:

Ngoja nielewe. Mlikuwa mnalipa elfu moja kwa saa KUKATA MITI kwenye kompyuta? Mimi mama alikuwa ananituma kuni Urambo bure nikawa nakimbia.

Mtoto_wa_Cheyo:

@Bwana_Kuni wewe endelea kucheka, miti yenyewe mpaka ufike levo 60 ndo unaruhusiwa kugusa ule mkubwa wa bei. Na nikwambie kitu, kutoka levo 1 mpaka 99 unahitaji pointi 13,034,431, ukifika levo 92 unajiona umemaliza kumbe uko nusu ya njia. Nusu! Levo saba za mwisho ni sawa na tisini na mbili zote za nyuma. Mimi niliishia 54, nikafeli na hesabu vilevile.

Fundi_Waya:

Hilo la Falador siyo fumbo, lilishaelezwa. Kuna mchezaji alikuwa wa kwanza kufika levo 99 ya ujenzi, akafanya sherehe kwenye nyumba yake ya humo humo, watu wakajaa mpaka mashine zikawa nzito, akaamua kuwatoa wote kwa mpigo. Sasa waliokuwa ndani ya ulingo wa kupigania, wakati wanatolewa gemu likasahau kuwaondolea ruhusa ya kupiga. Wakatoka nje wanaweza kumpiga mtu popote na anayepigwa hawezi kurudisha. Mmoja wao ndo akashuka Falador akaanza kuchinja. Kuna mtu alidondosha kofia ya karatasi ya kijani, zile zilizogawiwa Krismasi ya 2001 basi, hazikutolewa tena. Mchinjaji akafungiwa akaunti maisha.

Nirudi kwenye hoja. Mimi nimefunga madishi kanda hii kabla mkongo wa baharini haujafika Dar 2009, kwa hiyo nawaelewa sana. Watu hawajiulizi kwa nini gemu hilo lilichezeka Tabora wakati mengine yalikuwa yanagoma. Setilaiti iko kilomita kama 36,000 juu, ukibonyeza mausi ishara inapanda inashuka, jibu nalo linapanda linashuka, zaidi ya nusu sekunde imeshakwenda. Gemu la risasi ushakufa. Lakini RuneScape seva yake inahesabu mambo kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6, mzungu mwenye intaneti kali naye anasubiri pigo lile lile. Ndo maana mtoto wa Cheyo aliweza kuvua kamba sambamba na mtoto wa London.

Sasa kuhusu huyo igombe. Nyie wote mmemkuta usiku, si ndiyo? Mnyamwezi gani anakusalimia mwangaluka saa mbili usiku? Mwangaluka ni ya asubuhi, jioni ni mwadila. Na mwakeye ya Waha nayo ni ya asubuhi.

Mimi nasema alikuwa mbali. Saa mbili usiku kwetu ni asubuhi kule magharibi ya Marekani. Mtoto wa Tabora kaenda kusoma, kaamka, anafungua gemu, anasalimia kwa saa ya kwake. "Nyumbani" na "nimepita" ni maneno ya mtu aliyeondoka.

Dagaa_wa_Kibirizi:

Fundi wewe ungekuwa polisi. Nimesisimka, mwakeye kweli alinipa usiku na wala sikushtuka, nilifurahi tu kusikia lugha ya kwetu.

Mtoto_wa_Cheyo:

Nilitaka kukubali Fundi, nimekaa nayo toka mchana. Lakini kuna siku moja sijaisema.

Ilikuwa masika, Machi au Aprili 2007. Tuko Varrock, mvua ikaanza, bati la kafe likawa linapiga kelele mpaka dada wa kaunta akipiga kelele muda umeisha husikii. Mimi sikuandika chochote kuhusu mvua, na mwenzangu nimemuuliza leo kwa simu anasema naye hakuandika. Igombe akaandika "mvua hii itatukatia". Nikasoma, nikageuza shingo nimwambie mwenzangu ona huyu, kabla sijafungua mdomo umeme ukakatika, kafe nzima giza.

Sasa mtu wa Marekani ameijuaje mvua ya Tabora?

Fundi_Waya:

Mmh. Hiyo ni nzito. Labda bahati.

Dada_Kaunta:

Nimesoma toka juu mpaka chini nacheka peke yangu. Mdogo wangu, wewe ndiye ulikuwa unaacha maganda ya karanga kwenye kibodi namba mbili? Ulikuwa na rafiki yako mrefu mwenye sweta la shule limechanika kiwiko? Mimi ndo huyo dada aliyekuwa anawapigia kelele. Dakika tano za bure nilikuwa nawaongezea, mwenye kafe hakujua.

Nitawapa kitu. Ile intaneti haikuishia kafe. Bosi alikuwa anawauzia majirani, anavuta waya juu ya paa. Nyaya zilikuwa tatu. Mmoja wa duka la dawa, mmoja wa ofisi ya mwenye nyumba, wa tatu ulipita kwenye mwembe wa uani ukapotelea upande wa pili wa ukuta, sikuwahi kujua unaishia wapi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuja mtoto wa kike, miaka kumi kumi na moja hivi, na bahasha ya elfu ishirini. Anaipa shikamoo kaunta badala ya kunipa mimi, anaondoka. Nilimuuliza unatokea wapi mwanangu, akanionyesha tu kwa kidevu, kule nyuma.

Mara ya mwisho alikuja Desemba. Januari bosi akakata waya kwa kuwa hawajalipa. Januari hiyo hiyo yenu ya 2008.

Fundi_Waya:

Waya ule wa bluu wa kawaida kipimo chake ni mita 100, ukizidisha hapo mawasiliano yanaanza kuyumba. Kwa hiyo kama ni huyo, alikuwa ndani ya mita mia hivi kutoka mlipokaa. Nafuta Marekani yangu.

Ila mwangaluka ya usiku bado inanisumbua. Labda hakuwa mwenyeji, kahamia tu na wazazi, leo Kigoma kesho Tabora kwa reli, kaokota salamu moja moja kila kituo. Hiyo ingeeleza na mwakeye.

Dagaa_wa_Kibirizi:

Subirini kwanza. Mtoto wa kike wa miaka kumi na moja.

Mbona tunasema "jamaa"?

Bwana_Kuni:

Nimeacha kucheka. Endeleeni.

Mtoto_wa_Cheyo:

Dagaa umenimaliza. Nimekaa hapa napiga hesabu. Alituita "kaka" siku zote, mimi nilijua ni heshima ya kawaida. Na hakuwahi kuja kafe kutuona hata tulipomwambia tupo hapa sokoni, alisema "siruhusiwi usiku". Tulimcheka! Nilimwandikia we mtu mzima una deraya nyeusi unamuogopa nani.

Nilijaribu kumtafuta 2013 Jagex walipofungua lile la zamani, lile walilolirudisha kutoka nakala ya Agosti 2007. Nilifikiri nitakuta akaunti yangu na jambia langu mkononi, kumbe gemu ndo la 2007 ila watu wote wanaanza sifuri. Nilisimama Varrock magharibi wiki nzima naandika mwangaluka, wakanijibu Wabrazili.

Dada, ule mwembe bado upo? Nasikia maeneo yale wamejenga fremu.

Dada_Kaunta:

Fremu zimejengwa mbele, na mwembe wa barabarani ndo waliukata. Wa uani upo, Jumapili iliyopita nimeokota embe. Kuna kipande cha waya kimemezwa na gome, kinachungulia kama sentimita kumi, watoto wanakitumia kufungia kamba ya bembea.

Mtoto_wa_Cheyo:

Wa bluu?

Dada_Kaunta:

Ulikuwa bluu. Njoo uangalie mwenyewe mdogo wangu, na safari hii karanga ulie nje.