Taarifa kwa vyombo vya habari: nimetuma kwa magazeti matano, kimya. Nakosea wapi?

alizeti_ikungi:
Wakuu habari za humu. Mimi na ndugu zangu wawili tunakamua alizeti hapa Ikungi, Singida, mwezi uliopita tumefunga mashine mpya na ya kuchuja mafuta pia, tukaona tuandike taarifa watu watujue. Nikaandika kurasa tatu, nikaweka PDF yenye logo, nikatuma imeili kwa magazeti matano, wiki ya pili hii hakuna hata aliyejibu. Inaanza hivi: "Kampuni yetu inayoongoza kwa ubora ina furaha kubwa kuutangazia umma uzinduzi wa huduma zake za kisasa zenye viwango vya kimataifa." Hela ya tangazo hatuna, naombeni msaada.

dawati_la_usiku:
Hongereni kwa mashine mkuu. Nimekaa dawati la habari miaka mingi, nikuambie ukweli, hiyo sentensi ingeweza kuwa ya benki au ya saluni, haina alizeti, haina Ikungi, haina mtu ndani yake. Mhariri anasoma kichwa na sentensi ya kwanza, basi, anataka nani kafanya nini, wapi, lini, na inamhusu nini msomaji wake. Kabla ya mashine yenu mkulima wa hapo alikuwa anafanyaje?

alizeti_ikungi:
Alikuwa anapakia magunia anapeleka Singida mjini, akikuta foleni analala huko huko, na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, anamwachia mwenye mashine maana kuyarudisha ni nauli nyingine. Sasa anakamua hapa anaondoka na dumu lake na mashudu yake, wengi wanalishia kuku.

dawati_la_usiku:
Umeona! Hiyo ndiyo habari na umeiandika mwenyewe. Mimi ningeanza na hayo mashudu. Ukurasa mmoja tu, nukuu moja ya mkulima aliyekubali jina lake litoke, kwa maneno yake ya kawaida, nyingine yenu. Maelezo ya kampuni mistari mitatu chini kabisa, nafasi ikibana mhariri anakata kuanzia chini. "Viwango vya kimataifa" toa, ripota atakuuliza alama ya TBS, shirika la viwango, iko wapi. Halafu uzinduzi umeshapita ila mavuno ndiyo yameanza, shika hapo.

mama_vikoi_msa:
Naongeza kidogo kutoka Mombasa. PDF achana nayo, maneno yaweke kwenye imeili yenyewe mtu akopi, picha ambatanisha kando na uandike nani yuko kwenye picha na anafanya nini. Tuma asubuhi, jioni wanafunga gazeti hakuna wa kukusikiliza. Na namba ya simu iwe ya mtu anayeshika simu kweli, mimi niliweka ya dukani, ripota akapiga Jumapili tumefunga, stori ikapotea hivyo hivyo, inaniuma mpaka leo. Redio za huko kwenu pia usiziache, wakulima wako ndiko wanakosikiliza.

alizeti_ikungi:
Asante dada. Kuna mwandishi mmoja wa huku anasema nimpe "nauli" ndio itoke, nimpe?

dawati_la_usiku:
Hapana, usimpe. Ukilipia nafasi hilo ni tangazo, linapita ofisi ya matangazo na risiti unapewa. Ukitoa bahasha leo kila ukiwa na habari utadaiwa, na msomaji anakuwa kadanganywa. Mtafute mwingine au andikia dawati moja kwa moja.

alizeti_ikungi:
Sawa mkuu. Nimeandika upya: "Wakulima wa alizeti wa Ikungi msimu huu wanarudi nyumbani na mashudu yao, baada ya mashine mpya ya kukamua na kuchuja mafuta kuanza kazi hapa hapa na kuwaondolea safari ya kupeleka magunia Singida mjini."

dawati_la_usiku:
Hii naisoma mpaka mwisho. Sentensi ya pili weka bei ya kukamua gunia moja na tarehe mliyoanza. Huyo mkulima mpigie umsomee nukuu yake kabla hujatuma, kisha kesho saa mbili asubuhi itume.