Kupanga maingizo ya anwani za IP kwenye faiawoli ya matawi manne

Fundi wa Shangani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa mtandao wa chama cha ushirika wa korosho chenye ofisi kuu Mtwara mjini na matawi Masasi, Newala na Lindi. Faiawoli niliyoikuta (kifaa kinachoruhusu au kuzuia mawasiliano kwa kufuata sheria) imejaa maingizo ya anwani, yaani majina yaliyopewa anwani za IP ili sheria ziyataje, yanayoitwa "PC mpya", "jaribio2" au namba tupu, na seva ya hesabu peke yake imeandikwa kwa majina matatu. Ningependa kuyasafisha kabla ya minada ya Oktoba, kwa kuwa ikishaanza hakuna atakayekubali mtandao ukatike. Je, nianze kwa kufuta yasiyotumika, au niandike yote upya?

Bi Swichi alijibu:

Ndugu Fundi, pole na kazi. Usianze kwa kufuta. Anza na hiyo seva yenye majina matatu, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Siku seva itakapohamishiwa anwani nyingine, mtu atabadilisha ingizo moja na kuyasahau mawili, kisha DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani) itaigawa ile anwani ya zamani kwa simu ya mgeni, na simu hiyo itarithi ruhusa zote za seva bila mtu yeyote kuandika sheria mpya. Chagua jina moja, uelekeze sheria zote kwenye jina hilo, ndipo uondoe mengine. Vifaa vingi hukataa kufuta ingizo ambalo bado limetajwa na sheria, na kukataa huko ni msaada kwako, kwani kunakuonyesha mahali palipobaki.

Majina yabebe mahali na kazi, kwa mfano MTW_SEVA_HESABU au MAS_KAMERA_GHALA. Usiweke namba ya IP ndani ya jina, kwani namba ikibadilika jina linakuwa uongo. Sheria nazo zitaje makundi, ili kompyuta mpya ya Newala iongezwe kwenye kundi na sheria yenyewe isiguswe.

Mzee wa Mikindani alijibu:

Naungana na Bi Swichi, ila majina mazuri juu ya mpango mbaya wa anwani hayatakufikisha mbali. Kila tawi lipewe eneo lake: Mtwara 10.20.0.0/16 (yaani anwani zote zinazoanza na 10.20), Masasi 10.21, Newala 10.22 na Lindi 10.23. Yote manne yanaingia ndani ya 10.20.0.0/14, kwa hiyo ingizo moja linatosha kusema "matawi yote". Kama matawi bado yanatumia 192.168.1.0/24 (nadhani ndivyo, maana ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani hizo), anayeunganisha VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) kutoka nyumbani ataendelea kupata migongano, maana ruta ya nyumbani nayo huenda inatumia anwani hizo hizo.

Bi Swichi alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo /14 inaishia 10.23, hivyo tawi la tano, tuseme Nachingwea, litakaa nje yake. Mimi ningetenga 10.16.0.0/12 nzima, inayofika hadi 10.31, na kuacha nafasi wazi.

Fundi wa Shangani alijibu:

Nawashukuru sana. Je, sheria ambayo kihesabu chake (kinachoonyesha imetumika mara ngapi) kinasoma sifuri niihesabu kuwa haitumiki? Zipo nyingi za namna hiyo.

Mzee wa Mikindani alijibu:

Hapana, ndugu yangu, hasa kwa chama cha korosho. Sheria inayoruhusu maghala kutuma taarifa za mizani itasoma sifuri mwezi Juni hata kama ndiyo uti wa mgongo wa msimu. Isitoshe, kwenye vifaa vingi kihesabu huanza upya kifaa kinapozimika, na umeme wa kwetu mnaujua. Hifadhi nakala ya mipangilio yote nje ya kifaa, kisha zizime sheria unazozitilia shaka bila kuzifuta, ukiandika tarehe kwenye maelezo ya kila moja. Zile ambazo hakuna aliyezililia hadi minada imalizike, zifute pamoja na maingizo yake.