Mboji yetu ya taka za mtaani inaunguza chainizi na majirani wamechoka na harufu, tufanyeje?

kijana_wa_mkokoteni:
Mwangaluka wakuu. Sisi ni kikundi cha watu tisa huku Igoma, Mwanza, tunapita na mkokoteni nyumba kwa nyumba kubeba taka, makopo na plastiki tunauza kwa kilo, zinazooza tunazirundika kwenye kiwanja alichotuazima mzee mmoja ili tupate mboji ya bustani yetu ya chainizi na mchicha. Plastiki haina shida, hela ya sabuni inatoka. Shida ni mboji. Rundo la kwanza tuliliacha wiki tano likawa jeusi tukajua tayari, tukamwaga kwenye matuta yote sita bila hata kujaribu moja, chainizi ikaanza njano majani ya chini, kingo zikakauka kama zimepitiwa na moto, miche midogo ndo ililala kabisa. Rundo la pili ndo balaa maana tulichanganya matumbo ya samaki na dagaa walioharibika tuliopewa mwaloni Kirumba, kuna mtu alisema samaki ni mbolea kali, sasa linatoa maji meusi na harufu yake unaipata ukiwa kituo cha daladala. Mwenyekiti wa mtaa katupa wiki mbili. Kuna mtu anatupa eneo Luchelele karibu kabisa na maji, tuhamie? Wenzangu wanne wanataka tubaki na plastiki tu.

fundi_mirongo:
Dagaa, mvua hizi, halafu unashangaa harufu 😂 paka wa Igoma wote wana kikao hapo kwenu

Bibi Matuta:
Mwanangu usimsikilize huyo. Weusi sio kuiva. Chimbua katikati ya rundo uweke mkono, kama bado kuna moto basi linaendelea kuoza, na ukilimwaga shambani linaendelea kuozea hukohuko, vile vijidudu vinakula naitrojeni ambayo ilikuwa ya mmea, ndo hiyo njano. Kingo kukauka ni ukali wa mbolea changa. Mimi nasubiri miezi mitatu na ninageuza kila wiki, nikitaka uhakika naweka mboji kwenye kopo nasia mchicha, ukiota vizuri na miche ikasimama naipeleka kwenye tuta.

La pili linaokoka ila lifumueni lote, mtaumia pua siku moja. Chini tandika mabua yaliyokatwakatwa, halafu kila ndoo ya taka mbichi weka ndoo mbili au tatu za vikavu, majani makavu, nyasi, maranda kidogo. Pumba za mpunga zinasaidia kunyonya maji ila zinachelewa kuoza kwahiyo zisiwe peke yake. Samaki wakae katikati kabisa, juu funika na vikavu unene wa shubiri, halafu turubai. Fumbata konzi moja ukamue, likidondosha tone moja mawili sawa, likichuruzika ongeza vikavu. Joto mnalipima na nondo, chomeka katikati dakika kumi, ukiitoa huwezi kuishika basi rundo linafanya kazi.

dada_nyegezi:
Mi niliwahi kununua mboji ya kikundi kimoja (sio nyie) nikakuta wembe na vipande vya chupa, nikakatika kidole. Toka hapo sinunui ya taka za majumbani. Mkitaka wateja gaweni ndoo mbili kila nyumba, maganda na ugali huku, vingine kule, mkisubiri kuchambua kiwanjani mmechelewa, betri imeshavujia humo

msukuma_original:
Mbona mnahangaika, magugu maji si yamejaa ziwani? Bure kabisa mboji nzuri hiyo

Bibi Matuta:
Nzuri lakini yamejaa maji tupu, yaanikwe kwanza. Na msichukue mahali mto wa mjini unapomwaga, mizizi ya magugu inavuta madini mazito, mtakuja kuyala kwenye mchicha.

fundi_mirongo:
Sasa siriasi kidogo. Luchelele pimeni kwanza, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hayo maji meusi yakiingia ziwani ndo chakula cha hayohayo magugu. Huyo anayewapa eneo bure ana lake.

kijana_wa_mkokoteni:
Wabeja sana bibi, wabeja wote. Nimechomeka nondo jioni hii kwenye lile la kwanza lililobaki, dakika kumi hazijafika imeshanishinda, kumbe tulimwaga moto shambani. Luchelele nimeifuta, tumepiga hatua kwa miguu kutoka kwenye maji hata hamsini hazifiki. Mabua nimepata kwa shemeji Kisesa, kesho tunafumua saa kumi na moja alfajiri kabla majirani hawajaamka. Mwenyekiti nimemwomba aje aone, kasema atakuja harufu ikiisha 😅 Dada ndoo mbili tutaanza na nyumba ishirini za barabarani. Swali la mwisho, pampasi zinaenda ndoo gani? Maana ndo nyingi kuliko maganda.

dada_nyegezi:
Hizo zifungeni kwenye kiroba zisubiri gari la dampo, kwenye rundo hapana. Na watozeni hela kidogo kwa kiroba, watoto ni wao