Eti udhibiti ndo umeikuza sinema ya Iran? Mi nakataa

Wakuu, jana nimebishana na jamaa yangu mpaka chai ikapoa. Anasema sinema ya Iran isingefika ilipofika bila kubanwa, kwamba msanii ukimkaba ndo akili inamchemka. Mi nakataa kabisa.

Chukua hili moja tu, mwanamke kwenye filamu za kule zenye kibali anafunika nywele hata akiwa chumbani kwake, peke yake, kalala, kwa hoja kwamba watazamaji si maharimu zake, yaani si mumewe wala ndugu wa karibu asioweza kuolewa nao. Mke na mume wanagombana wanapatana hata vidole havigusani. Nani kwenu analala na mtandio?

Sasa 2024 waongozaji wa Iran Maryam Moghadam na mwenzie Behtash Sanaeeha wakatoa ile filamu ya bibi wa miaka 70 wa Tehran, mjane, anamkaribisha kwake mzee dereva teksi, wanakunywa divai, wanacheza muziki, na bibi humo ndani yuko kichwa wazi kama bibi yeyote alivyo kwake. Basi! Wakanyang'anywa pasipoti, filamu ikaonyeshwa tamasha la Berlin wao wamekwama nyumbani.

— Mkuu, unawasahau waliobaki wakafanya kazi humo humo. Mwongozaji Rakhshan Banietemad, mwanamke, kapiga filamu miaka na miaka na mtandio juu na wanawake wake sio wanyonge hata kidogo. Halafu mwongozaji Jafar Panahi mwaka 2010 kapigwa marufuku kutengeneza filamu miaka 20, akajirekodi nyumbani kwake ikatoka filamu ikafika tamasha la Cannes. Kubanwa kumemfundisha kitu, kubali tu.

— Panahi huyo huyo alishabeba tuzo kuu ya tamasha la Venice mwaka 2000, kwa filamu ya wanawake wanaosakwa mitaani, na kwao ikapigwa marufuku. Marufuku imemkuta bingwa tayari, haikumfundisha.

— Mie najistiri tangu utotoni na sina mpango wa kuacha, ila nikiingia ndani nikiwa na wanangu navua, na dini yenyewe imeniruhusu. Sasa hiyo filamu inayomweka mama jikoni na mtandio mbele ya wanawe inamdanganya nani?

— Dada angu, mama wa kwenye filamu ni mwigizaji, anaonwa na wanaume wa nchi nzima, ndo hoja yao hiyo.

— Hoja yao naijua, ila mbona haiishii kwenye skrini? Mwigizaji wa Iran Taraneh Alidoosti, Novemba 2022, wakati wa maandamano baada ya kifo cha Mahsa Amini, yule binti aliyekamatwa kwa ajili ya mtandio, kaweka picha yake bila mtandio kwenye ukurasa wake mwenyewe, hakuna kamera ya sinema hapo. Desemba akalaani kijana wa maandamano kunyongwa, wakamkamata, akatoka Januari. Wiki zile kakaa ndani, we jamaa wa chai, ndo ubunifu gani ulikuwa unapikwa?